Tyrrell au Mallory: kesi mbili za reli za Marekani, na ipi uijengee hoja yako

Kampuni ya reli haikai mahali pamoja. Njia zake zimelala juu ya ardhi ya majimbo mengi kwa wakati mmoja, na wafanyakazi wake husogea pamoja nazo. Fundi huajiriwa jimbo moja, akaumia katika jimbo la pili, akagundua ugonjwa akiwa anaishi la tatu, huku mwajiri akiwa na makao makuu katika la nne. Akitaka kudai fidia, aende mahakama ipi?

Mahakama ya Juu ya Marekani imelijibu swali hilo mara mbili ndani ya miaka 6 na ushei, na majibu yanaonekana kugongana. Mei 2017, katika BNSF Railway dhidi ya Tyrrell, kampuni ya reli ilishinda kwa kura 8 dhidi ya 1. Juni 2023, katika Mallory dhidi ya Norfolk Southern Railway, kampuni ya reli ilishindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Wanafunzi wa sheria wanaotafuta kesi ya kuandikia tasnifu fupi, na timu zinazojiandaa kwa mahakama ya kuigiza, huikimbilia Mallory kwa sababu ni mpya na ina mvutano. Nadhani wengi wanaichagua kabla ya kujua swali lao ni lipi. Kesi hizi hazijibu swali moja. Tyrrell inauliza ukubwa wa biashara unaipa mahakama nguvu kiasi gani. Mallory inauliza jimbo linaweza kudai nini kutoka kwa kampuni inayotaka kufanya biashara ndani ya mipaka yake. Ukishajua lipi kati ya hayo ndilo linalokuumiza kichwa, nusu ya kazi imekwisha.

Zinapofanana

Wadai wote walikuwa watu wa reli au familia zao, na wote walishitaki chini ya sheria moja ya Bunge la Marekani ya mwaka 1908 inayohusu dhima ya waajiri wa reli. Sheria hiyo ni ya pekee. Mfanyakazi wa kiwandani akiumia, kwa kawaida hulipwa kupitia mpango wa fidia wa jimbo bila kuthibitisha kosa la mtu. Mfanyakazi wa reli hana njia hiyo. Yeye lazima aende mahakamani na kuonyesha uzembe wa mwajiri, japo uzembe mdogo uliochangia unatosha. Anaweza kufungua kesi katika mahakama ya jimbo au ya shirikisho, na akishaifungua ya jimbo, kampuni hairuhusiwi kuihamishia ya shirikisho.

Msomaji asiyelijua hilo hataelewa kwa nini pande zote mbili zilipigania mahali kwa miaka mingi kabla ya kugusa ugonjwa wenyewe. Mahali kunaamua wazee wa baraza watakuwa watu wa mji gani, mashahidi watasafiri umbali gani, na wakili gani atakubali kuibeba. Kwa mgonjwa wa saratani, kuambiwa arudi nyuma na kuanza upya jimbo jingine si jambo la utaratibu tu. Ni miaka, na huenda hana hiyo miaka.

Kanuni zilizotangulia nazo ni zilezile. Tangu kesi ya International Shoe ya mwaka 1945, mahakama ya jimbo haiwezi kumhukumu mdaiwa wa nje bila kuwapo uhusiano wa kutosha kati yake na jimbo hilo. Hiyo ndiyo tafsiri ya Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayokataza jimbo kumnyang'anya mtu uhai, uhuru au mali pasipo kufuata utaratibu wa haki. Uhusiano huo una sura mbili. Kwanza ni mamlaka mahususi: jambo linalolalamikiwa lilitokea hapo, au linafungamana na shughuli za mdaiwa hapo. Pili ni mamlaka ya jumla: mdaiwa anaweza kushitakiwa hapo kwa jambo lolote, hata lililotokea ng'ambo. Kesi ya Daimler ya mwaka 2014 iliibana sana hii ya pili. Kampuni hushitakiwa kwa jambo lolote pale tu ilipo nyumbani, yaani jimbo ilikoundwa kisheria na jimbo yaliko makao yake makuu, isipokuwa katika hali za nadra mno.

Tyrrell: maili 2,061 hazikutosha

Wadai walikuwa wawili. Mmoja ni dereva wa lori la mafuta, mkazi wa North Dakota, aliyesema aliteleza akaumia goti akiwa kazini katika jimbo la Washington. Wa pili ni mjane wa South Dakota, msimamizi wa mirathi ya mumewe aliyefariki kwa saratani ya figo. Alidai kwamba kemikali alizokutana nazo mumewe kazini katika South Dakota, Minnesota na Iowa ndizo zilizosababisha ugonjwa. Wote wawili walifungua kesi Montana, ambako hapakutokea lolote kati ya hayo.

Kampuni ya BNSF iliundwa Delaware na makao yake makuu yako Texas. Ndani ya Montana ilikuwa na maili 2,061 za njia ya reli na wafanyakazi wapatao 2,100. Ukizisoma peke yake, tarakimu hizo ni kubwa, maana hii ni kampuni iliyojikita. Jaji Ruth Bader Ginsburg, aliyeandika hukumu ya wengi, alizisoma kwa kuzilinganisha na mtandao mzima: ni kama asilimia 6 ya njia zote za kampuni, chini ya asilimia 5 ya wafanyakazi, na chini ya asilimia 10 ya mapato. Kampuni inayofanya kazi katika majimbo 28 haiwezi kuwa nyumbani katika yote. Hivyo Montana haikuwa na mamlaka ya jumla.

Wadai walikuwa na hoja nyingine: kwamba ile sheria ya 1908, kwa maneno yake yenyewe, inaruhusu kesi kufunguliwa popote kampuni inapofanya biashara. Mahakama ikasema kifungu hicho kinapanga wilaya za mahakama za shirikisho na kuthibitisha kuwa mahakama za majimbo nazo zinaweza kusikiliza kesi za aina hiyo. Hakiipi mahakama yoyote nguvu juu ya mdaiwa ambaye haimfikii. Jaji Sonia Sotomayor alikubaliana na sehemu hiyo lakini akapinga iliyobaki. Kwake, kipimo cha nyumbani kinaipendelea kampuni kubwa, kwani kadiri inavyosambaa ndivyo kila jimbo linavyoonekana dogo ndani yake. Sijaona jibu la kuridhisha kwa hoja yake hiyo.

Karibu na mwisho wa hukumu kuna sentensi ambayo wasomaji wengi huiruka. Wadai walikuwa wamesema pia kwamba BNSF ilikwisha kuridhia kushitakiwa Montana. Mahakama ya juu ya Montana haikuligusa hilo, kwa hiyo Mahakama ya Juu ya Marekani nayo ikaliacha. Ukilisoma sasa unaona mlango ulioachwa wazi, na Mallory aliingilia hapo.

Mallory: nguvu ya fomu ya usajili

Mdai huyu alikuwa fundi wa mabehewa ya mizigo katika kampuni ya Norfolk Southern kwa karibu miaka 20, kwanza Ohio, kisha Virginia. Alidai kwamba katika kazi hiyo alinyunyizia mabomba ya mabehewa asbesto, alishika kemikali, na alibomoa sehemu za ndani za mabehewa zenye vitu vinavyoleta saratani. Baada ya kuacha kazi aliishi Pennsylvania kwa muda, akarudi Virginia. Alipogundulika kuwa na saratani, alifungua kesi Philadelphia.

Kwa kipimo cha Tyrrell, kesi hiyo ilipaswa kufa siku ya kwanza. Kampuni iliundwa Virginia, na wakati kesi inafunguliwa makao yake makuu yalikuwa hukohuko. Kazi yenyewe haikufanyika Pennsylvania. Ila Pennsylvania ina sheria ambayo wakati huo majimbo mengine hayakuwa nayo kwa uwazi wa namna ile: kampuni ya nje ikijisajili kufanya biashara humo, mahakama za jimbo zinapata mamlaka ya jumla juu yake. Norfolk Southern ilijisajili mwaka 1998 na kutaja ofisi yake ya kupokelea nyaraka katika eneo la Philadelphia.

Mwaka huohuo mamlaka ya shirikisho iliidhinisha mgawanyo wa Conrail, kampuni ya reli iliyokuwa na makao yake Philadelphia, kati ya Norfolk Southern na mshindani wake CSX. Norfolk Southern ilipata asilimia 58. Kwa hiyo Pennsylvania si jimbo ambalo treni zake hulipita tu. Wakati wa kesi ilikuwa na zaidi ya maili 2,400 za njia humo, wafanyakazi karibu 5,000, na karakana ya injini ya ekari 70 iliyo kubwa kuliko zote Amerika Kaskazini. Kwa maili na kwa wafanyakazi, Pennsylvania ilikuwa imeizidi hata Virginia yenyewe.

Mahakama ya juu ya Pennsylvania, Desemba 2021, iliibatilisha sheria ya jimbo lake yenyewe ikisema kwamba baada ya Daimler haiwezekani tena kumfunga mdaiwa kwa kujisajili tu. Jaji Neil Gorsuch na wenzake wanne wakaigeuza hukumu hiyo. Msingi wao ulikuwa kesi ya mwaka 1917. Kampuni ya bima ya Pennsylvania ilikuwa imekatia bima mtambo wa kuyeyushia madini karibu na Cripple Creek, Colorado, mali ya kampuni iliyoundwa Arizona. Radi ikaupiga mtambo, ukaungua, bima ikakataa kulipa, na mwenye mtambo akaishitaki Missouri, jimbo lisilohusika kabisa na ule moto. Mahakama ya Juu, kwa sauti moja na kwa kalamu ya Jaji Oliver Wendell Holmes, ilisema kesi iende mbele: sheria ya Missouri iliitaka kampuni ya bima iteue mtu wa kupokea samansi kama sharti la kufanya biashara, kampuni ikamteua, basi imeridhia. Gorsuch anasema hukumu hiyo haijawahi kufutwa, na mahakama za chini hazina ruhusa ya kuifuta kwa niaba ya iliyo juu yao.

Ana hoja nyingine inayonigusa zaidi, ingawa haikupata kura ya tano. Mtu wa kawaida akikutwa Pennsylvania, hata kama anapita tu, na akakabidhiwa samansi mkononi, anaweza kushitakiwa huko kwa jambo lililotokea popote. Kanuni hiyo ni ya zamani na bado ipo. Kwa nini basi kampuni yenye maelfu ya maili za reli na maelfu ya waajiriwa jimboni ilindwe kuliko abiria aliyeshuka kituoni kwa saa moja?

Jaji Amy Coney Barrett aliandika hukumu pinzani ya majaji wachache, akiwa na Jaji Mkuu John Roberts, Elena Kagan na Brett Kavanaugh. Tafadhali usiipite haraka. Anauliza: ridhaa gani hiyo ambayo sheria yenyewe haiitaji kwa jina? Sheria ya Pennsylvania inasema kusajiliwa ni msingi wa mamlaka. Ni majaji wa wengi walioiita ridhaa. Na kama jimbo linaweza kupata mamlaka ya jumla kwa kuandika kifungu kimoja, basi Daimler na Tyrrell zimebaki maandishi tu. Anaongeza kwamba mipaka ya mamlaka inalinda pia majimbo mengine. Virginia na Ohio, ambako kazi ilifanyika, zina maslahi katika kesi hii kuliko Pennsylvania.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu

Kinachopotosha watu ni kudhani kwamba tofauti iko kwenye ukubwa. Angalia maili: 2,061 Montana, zaidi ya 2,400 Pennsylvania. Wafanyakazi: kama 2,100 kwa karibu 5,000. Tofauti hizo zipo, lakini si zilizoamua. Hata kama Norfolk Southern ingekuwa na maili 50 tu Pennsylvania, mantiki ya usajili ingebaki ileile, na hapo ndipo wakosoaji wa Mallory wana haki ya kuwa na wasiwasi. Gorsuch anazitaja tarakimu hizo kuonyesha kwamba hapakuwa na dhuluma. Hazitaji kama sharti.

Kwa uthabiti, Tyrrell inaongoza kwa mbali. Majaji 7 walitia sahihi hoja zilezile pamoja na Ginsburg, na hakuna kilichofanywa mwaka 2023 kilichoifuta. Mallory ni jengo lenye ufa. Jaji Samuel Alito ndiye kura ya tano, na hakujiunga na sehemu zote za Gorsuch. Alikubali kwamba Marekebisho ya 14 hayajavunjwa, kisha akaandika kwamba anashuku sheria ya Pennsylvania inavunja kitu kingine: kanuni ya Katiba inayolikataza jimbo kuzitwisha biashara za kati ya majimbo mzigo usio na manufaa halali kwa jimbo hilo. Mdai si mkazi, tukio halikutokea humo, basi jimbo linalinda nini? Kampuni ilikuwa imeitoa hoja hiyo mapema, ila mahakama ya Pennsylvania haikuiamua, kwa hiyo ikarudishwa huko.

Kwa urahisi wa kusoma, Tyrrell ni fupi na imenyooka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaimaliza jioni moja. Mallory ina hukumu ya wengi ambayo ni ya wengi nusu tu, maoni ya Jaji Ketanji Brown Jackson anayesema kwamba ulinzi huu ni haki ambayo mdaiwa anaweza kuiachia mwenyewe, maoni ya Alito, na hukumu pinzani. Usipofuatilia nani amejiunga na sehemu ipi, utanukuu maneno ya Gorsuch kana kwamba ni sheria, na mwenzako atakuumbua mbele ya majaji.

Kwa anayesoma Dar es Salaam au Nairobi

Nimeulizwa na wanafunzi wa huku kama jambo hili lina maana yoyote kwetu. Sheria za kampuni za Tanzania na Kenya nazo huitaka kampuni ya nje ijisajili na imtaje mtu aliyepo nchini wa kupokea nyaraka za mahakama. Mpaka hapo, fomu inafanana na ile ya Norfolk Southern. Lakini Mbeya haishindani na Tanga, wala kaunti ya Mombasa haina mahakama kuu yake yenyewe inayopigania mdaiwa na kaunti ya Kisumu. Mvutano wa Barrett, wa jimbo kuingilia shamba la jimbo jirani, kwetu hauna nafasi ndani ya nchi. Unaweza kujitokeza kati ya nchi na nchi, pale kampuni iliyosajiliwa Nairobi inaposhitakiwa huko kwa jambo lililotokea Kampala. Ukitaka kuandika ulinganisho wa Afrika Mashariki, anzia hapo, na usizihamishe hukumu za Marekani nzimanzima.

Uchukue ipi

Kama swali lako ni mipaka ya nguvu za mahakama, yaani kampuni kubwa inaweza kufuatwa wapi, chukua Tyrrell na uiweke juu ya Daimler. Utakuwa na sheria iliyotulia, tarakimu za kufanyia kazi, na sauti moja ya upinzani yenye hoja nzito. Hii pia ndiyo inayofaa karatasi fupi.

Kama unaandika kuhusu haki za wafanyakazi wa reli, chukua zote mbili lakini uanze na Tyrrell, kwa sababu ndiyo inayoeleza ile sheria ya 1908 na kwa nini maneno yake hayakumwokoa mjane. Mallory haikuibadilisha tafsiri hiyo hata kidogo. Ilipata njia ya kuzunguka, katika jimbo moja lililokuwa tayari limeijenga. Mfanyakazi wa BNSF aliyeumia Washington leo bado hawezi kwenda Montana kwa sababu tu reli inapita huko. Nasema wazi kwamba mizani ya huruma yangu iko kwa wadai wote watatu, na ninaamini matokeo ya 2023 yalikuwa ya haki kwa yule fundi. Lakini haki aliyoipata imetegemea jimbo alilolichagua wakili wake, na hilo linanisumbua.

Kama swali lako ni udhibiti wa biashara, yaani jimbo linaweza kuweka masharti gani kwa kampuni inayobisha hodi, basi Mallory haina mbadala. Hapo nakushauri usome kinyume na mpangilio: anza na Alito, nenda kwa Barrett, malizia na Gorsuch. Ukianza na Gorsuch, ile radi ya Cripple Creek na uandishi wake mtamu vitakuteka kabla hujaona ufa ulipo. Mahakama ya juu ya Georgia, katika kesi ya kampuni ya matairi ya mwaka 2021, ilikwisha kushikilia kwamba usajili ni ridhaa chini ya sheria yake. New York ilipitisha muswada wa namna hiyo bungeni, na gavana wake akakataa kuutia sahihi mwaka 2021 na tena mwaka 2023, baada ya Mallory kuamuliwa. Majimbo mawili, njia mbili, na hoja ya Alito inayagusa yote.

Kwa mahakama ya kuigiza, mpeni anayemtetea mdai hukumu ya Gorsuch, na anayeitetea kampuni msimpe Tyrrell peke yake. Mpinzani atajibu kwa sentensi moja kwamba suala la ridhaa liliachwa kiporo mwaka 2017. Mpeni Alito na kanuni ya biashara kati ya majimbo. Hapo ndipo kampuni ina nafasi halisi ya kushinda, na hapo ndipo maandalizi yenu yatahitaji muda mwingi zaidi.